Jibu la mtaalamu: Nitajuaje kama kipoza kipya cha prosesa ni bora kuliko cha zamani?

Swali: Nimebadilisha kipoza cha prosesa kwenye kompyuta yangu ya mezani, na bado nina muda wa kukirudisha dukani nisiporidhika. Prosesa ni Ryzen 9 5900X. Kipoza cha zamani, chenye feni moja ya milimita 120, kilifikisha nyuzi 84 mchana nilipoendesha kazi nzito kwa dakika kumi, na programu ya simu niliyoiweka mezani kando ya kasha ikasoma desibeli 46. Kipya, chenye feni mbili za milimita 140, kilifikisha nyuzi 79 na desibeli 43 usiku wa siku iyo hiyo. Chumba kikiwa kimya simu husoma 40. Je, takwimu hizi zinathibitisha kwamba kipya ni bora? Kama hazithibitishi, nipimeje kwa vifaa vya kawaida?

Jibu: Hazithibitishi, ingawa umefanya vyema kupima joto na kelele kwa pamoja, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kipoza chochote kinaweza kushusha joto kikiachwa kipige kelele kitakavyo, na chochote kinaweza kuwa kimya prosesa ikiachwa ipate moto. Kwa hiyo joto pekee halisemi kitu, na kelele pekee vilevile. Swali la kuuliza ni hili: prosesa ikitumia wati zilezile, na vipoza vyote viwili vikitoa kelele ileile, ni kipi kinachoiacha na joto dogo zaidi? Maelezo yote yanayofuata ni njia ya kulifikia swali hilo bila kudanganywa na chumba, na simu, wala na prosesa yenyewe.

Tuanze na chumba. Kipoza kinachotumia hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokipitia. Kazi yake ni kupunguza tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana mpimaji makini hutoa kwanza joto la hewa kwenye joto la prosesa, kisha hulinganisha kinachobaki. Wewe ulipima kimoja mchana na kingine usiku, na hewa hukuipima. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mchana hewa ilikuwa na nyuzi 29 na usiku nyuzi 23. Hapo kipoza cha zamani kitakuwa kimeiacha prosesa nyuzi 55 juu ya hewa, na kipya nyuzi 56, yaani faida yote ya nyuzi tano uliyoiona ilitoka dirishani. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa; nasema kwamba takwimu ulizo nazo haziwezi kukataa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Hewa ipimwe pale inapoingia kwenye feni ya kipoza, sentimita chache mbele yake, kwa kipimajoto cha kidijitali chenye kihisi cha waya. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakifai, kwa sababu hewa iliyo ndani ya kasha lililofungwa huwa imekwisha kupokea joto la kadi ya grafiki na la ubao mama kabla ya kukifikia kipoza. Andika kipimo hicho kila unapoandika joto la prosesa, si mara moja mwanzoni mwa jaribio, maana kompyuta inayofanya kazi nzito hukipasha joto chumba kidogo kwa muda mfupi tu.

Jambo la pili ni wati, na hapa prosesa za kisasa zina ujanja unaowapotosha hata watu wazoefu. TDP (kiwango cha joto, kwa wati, ambacho mtengenezaji huitajia prosesa) iliyoandikwa kwenye boksi si kiasi cha umeme ambacho prosesa itatumia. Ryzen 9 5900X yako ina TDP ya wati 105, lakini kwa mipangilio ya kiwandani soketi ya AM4 (tundu la prosesa kwenye ubao mama) huiruhusu kuvuta hadi wati 142. Core i9-13900K imeandikwa wati 125, na huruhusiwa kufika 253. Zaidi ya hapo, prosesa hizi hupandisha kasi yake zinapoona nafasi ya joto imebaki, kwa hiyo kipoza bora kinaweza kuzawadiwa wati nyingi zaidi, na mwishowe kikaonyesha joto lilelile la kipoza dhaifu. Prosesa za Ryzen 7000 za daraja la juu ni mfano ulio wazi, kwa sababu zimesanifiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 95 chini ya mzigo mkubwa. Vipoza viwili vinaweza kusoma 95 vyote, kimoja kikiwa kinaondoa wati nyingi zaidi ya mwenzake. Anayetazama joto peke yake atasema vinalingana.

Dawa yake ni kufunga wati. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka), tafuta mipangilio ya kikomo cha nguvu ambacho AMD hukiita PPT, na ukiweke kwenye wati 110. Ninapendekeza 110 badala ya 142 kwa sababu kikomo cha joto cha prosesa yako ni nyuzi 90, nawe ulikuwa tayari kwenye 84. Tutakapopunguza kasi ya feni ungegonga dari hiyo, na prosesa inayogonga dari hujipunguzia kasi yenyewe na kuharibu jaribio zima. Kwa prosesa za Intel, vikomo vya nguvu vya PL1 (cha muda mrefu) na PL2 (cha muda mfupi) huwekwa namba moja. Kisha endesha mzigo usiobadilika, kwa programu kama vile Prime95 au stress-ng, huku programu ya vihisi kama HWiNFO ikirekodi wati, joto na kasi ya feni kwenye faili. Usitumie mchezo wa video wala kazi ya kuchakata picha ambayo mara inapanda mara inashuka. Wati unazozisoma huripotiwa na ubao mama wenyewe, na baadhi ya bao hupunguza au huongeza chumvi, lakini kwa kuwa ubao ni uleule kwa vipoza vyote viwili, kosa hilo halikudhuru katika ulinganisho.

Ukishapata wati na joto la hewa, gawanya tofauti ya joto kwa wati. Nyuzi 44 juu ya hewa kwa wati 110 ni nyuzi 0.40 kwa kila wati. Namba hii ndiyo ukinzani wa joto, na ndiyo inayokuwezesha kulinganisha kipimo cha leo na cha juma lijalo hata kama chumba kimebadilika. Usitarajie kipoza kikubwa kiigawe nusu. Joto la 5900X hutoka kwenye vipande viwili vya silikoni vyenye viini, kila kimoja na eneo la milimita za mraba 81 hivi, nalo hupita kwenye kifuniko cha chuma, kwenye pesti (uji unaojaza nafasi kati ya kifuniko na kipoza), kwenye kitako cha kipoza na kwenye mabomba ya joto kabla ya kuyafikia mapezi ya alumini ambayo feni huyapuliza. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo hupotea ndani ya prosesa yenyewe, mahali ambapo hakuna kipoza kinachoweza kufika. Ndiyo sababu kipoza cha bei maradufu hukupa nyuzi chache tu, na mwenye kuahidi nyuzi ishirini huenda analinganisha na kile kidogo kilichokuja ndani ya boksi.

Muda nao una uzito wake. Dakika kumi zako zinakaribia kutosha kwa kipoza cha hewa, lakini ningependa ziwe ishirini, kisha uchukue wastani wa dakika tano za mwisho na kuacha ile namba ya juu kabisa iliyoonekana kwa sekunde moja. Kilele cha namna hiyo ni bahati nasibu ya vihisi. Chagua kihisi kimoja na ubaki nacho. Usilinganishe kiini chenye joto kuliko vyote upande mmoja na wastani wa viini upande mwingine. Kama siku moja utapima kipoza cha maji, kipe nusu saa au zaidi, kwa sababu maji huhifadhi joto jingi na huchelewa kufikia utulivu, hivi kwamba jaribio fupi hukipendelea bila haki.

Sasa pesti na ufungaji, ambavyo wasomaji huvipita haraka, na ndivyo vinavyoharibu majaribio mengi ya nyumbani. Kipoza kilekile, kwenye prosesa ileile, kikifunguliwa na kufungwa upya kinaweza kutofautiana na nafsi yake kwa nyuzi moja, mbili, hata tatu. Pesti imeenea vingine, au skrubu moja imekazwa kabla ya nyingine na kitako kikainama kidogo. Kwenye prosesa yako jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa vile vipande vyenye viini havikai katikati ya kifuniko. Viko upande mmoja, na mgusano mbaya upande huo huonekana mara moja kwenye joto. Kwa hiyo tumia pesti moja kwa vipoza vyote viwili, safisha mabaki kwa spiriti ya isopropili, kaza skrubu kwa zamu na kwa mshazari, kidogo kidogo, na ufunge kila kipoza angalau mara tatu. Ndiyo, hii ina maana ya kukirudisha kile cha zamani mahali pake na kukipima upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo huwezi kujua kama nyuzi mbili ulizoziona ni za kipoza au ni za mikono yako. Hakikisha pia kwamba ile karatasi nyembamba ya plastiki iliyo chini ya kitako imebanduliwa. Wasioibandua ni wengi kuliko unavyodhani.

Tuje kwenye kelele, ambako takwimu zako zina udhaifu mkubwa zaidi. Desibeli hazijumlishwi kama namba za kawaida, kwa sababu ni kipimo cha logi (logarithimu). Vyanzo viwili vya desibeli 40 vikisikika pamoja hutoa 43, si 80. Kwa hiyo simu yako iliposoma 43 katika chumba kinachosoma 40, kompyuta yenyewe ilikuwa inatoa takribani 40, sawa kabisa na chumba. Chumba kikiwa 41 wakati huo, mchango wa kompyuta unashuka hadi karibu 39. Kikiwa 39, unapanda hadi karibu 41. Kipimo cha mchana ni kibaya zaidi. Kama mchana chumba pamoja na yanayosikika kutoka nje kilikuwa 44, basi katika ile 46 kompyuta ilikuwa na takribani 42 tu. Kama kilikuwa 40, ilikuwa na karibu 45. Hata ile 40 ya chumba kimya inanitia shaka, kwa kuwa chumba cha kulala kilicho kimya usiku huwa karibu na desibeli 30. Huenda chumba chako kina kelele kweli, au huenda hapo ndipo simu yako inapoishia kusikia.

Kanuni ya kazi ni kwamba kelele unayoipima izidi ya chumba kwa desibeli 10 au zaidi. Tofauti hiyo ikipatikana, chumba huchangia chini ya nusu desibeli, na unaweza kukisahau. Bila chumba maalumu kisichorudisha sauti, njia iliyo rahisi ni kusogea karibu. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, katika nafasi iliyo wazi, sauti ya chanzo kidogo huongezeka kwa desibeli 6, hali kelele ya chumba hubaki ilivyo. Ukitoka mita moja hadi sentimita 25 umepata takribani 12. Fungua ubavu wa kasha, weka simu au kipimasauti kwenye kitu imara kisichogusa kasha, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kipoza, pembeni mwa mkondo wa hewa. Upepo ukiipiga maikrofoni utapima upepo. Weka alama mahali hapo ili kila kipimo kichukuliwe palepale.

Simu inafaa kwa kazi hii, kwa masharti. Namba yake kamili usiiamini, wala usiilinganishe na desibeli zilizoandikwa kwenye boksi la kipoza, ambazo kwa kawaida hupimwa kwenye chumba maalumu kilicho kimya kupita chumba chochote cha kuishi. Tofauti kati ya kipimo na kipimo, kwa simu ileile, mahali palepale, programu ileile, na uondoaji wa kelele ukiwa umezimwa, inaweza kuaminika kwa kiasi cha desibeli moja au mbili. Kwa swali lako hilo linatosha.

Hapa pana mbinu moja inayorahisisha mambo sana. Kelele ya feni hutegemea kasi yake, na joto la prosesa halina mchango wa maana ndani yake. Kwa hiyo hakuna ulazima wa kupima kelele na joto kwa wakati mmoja. Prosesa ikiwa haina kazi, simamisha feni za kasha kwa dakika chache, hakikisha feni za kadi ya grafiki nazo zimesimama, kisha iendeshe feni ya kipoza peke yake kwa kasi moja maalumu baada ya nyingine: mizunguko 600 kwa dakika, 800, 1000, na kuendelea hadi mwisho. Andika desibeli za kila kasi. Baadaye, ubavu wa kasha ukiwa umefungwa na feni za kasha zikizunguka kwa kasi isiyobadilika, pima joto chini ya mzigo kwa kasi zilezile. Ungepima vyote kwa pamoja, mlio wa koili za ubao mama na wa kadi ya grafiki, ambao hujitokeza umeme unapopita kwa wingi, ungeandikwa kwenye hesabu ya kipoza bila kosa lake.

Katika vipimo hivyo utaona jambo linaloeleza kwa nini ninasisitiza kelele. Kelele ya feni hubadilika kwa takribani mara 50 ya logi ya uwiano wa kasi. Ukiishusha feni kutoka mizunguko 1500 hadi 1200 umepunguza hewa kwa asilimia 20 tu, lakini umepunguza karibu desibeli 5. Ukiigawa kasi nusu, ni desibeli 15, na sikio huhesabu desibeli 10 kuwa ni takribani nusu ya ukubwa wa sauti. Joto, kwa upande wake, hupanda polepole, kwa kuwa feni inagusa sehemu moja tu ya ile safari ndefu ya joto. Kipoza kinachotumwa kutoka kiwandani kikiwa na feni ya mizunguko 2000 kinaweza kuonekana bingwa kwenye jedwali la joto kwa nyuzi mbili tu kilizozinunua kwa kelele ambayo hakuna mtu angeivumilia.

Usifanye kosa la kulinganisha vipoza viwili kwa kasi moja ya feni. Feni ya milimita 140 na ya milimita 120 zikizunguka mara 1200 hazitoi hewa sawa wala kelele sawa. Chagua kiwango cha kelele, tuseme desibeli 45 za simu yako pale kwenye alama, tafuta kasi ambayo kila kipoza hukifikia, kisha linganisha joto lao kwenye kasi hizo. Fanya hivyo kwa viwango vitatu: kile unachoweza kulala nacho, kile cha kazi ya kawaida, na kile cha mwisho ambacho kipoza cha zamani kinaweza. Usishangae mshindi akibadilika njiani. Mapezi yaliyobanana huhitaji hewa yenye msukumo, hivyo hung'ara kwenye kasi kubwa. Yaliyoachana hufanya vizuri zaidi feni ikienda taratibu.

Baada ya hapo acha masikio yafanye kazi ambayo desibeli haziwezi. Kipimo cha desibeli A hupunguza sauti nzito. Kwenye hezi 125 hukata desibeli 16 nzima. Feni yenye mapanga saba kwa mizunguko 1200 hutoa mvumo kwenye hezi 140, eneo lilelile linalokatwa, na mvumo huo ukipokelewa na bati la kasha unaweza kukukera kuliko feni nyingine yenye namba kubwa zaidi lakini yenye sauti ya upepo mtupu. Kipoza chako kipya kina feni mbili, kwa hiyo sikiliza pia kama sauti inapanda na kushuka kwa mawimbi. Feni moja ikizunguka 1200 na nyingine 1180, mivumo yao hupishana kwa hezi mbili na kidogo, na sikio husikia mpigo wa mara mbili kwa sekunde ambao hauonekani kwenye wastani wa desibeli. Ukiutambua, achanisha kasi zao kwa mizunguko mia moja hivi. Rekodi ya sekunde thelathini iliyofunguliwa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye mchoro wake wa masafa, itakuonyesha mivumo hiyo kama vilele vyembamba vinavyochomoza juu ya kelele ya hewa iliyotandaa.

Kuhusu kukirudisha, ningeamua hivi. Kwa kelele sawa na wati 110, kipya kikikupa nyuzi tano au zaidi chini ya cha zamani, na tofauti hiyo ikajirudia kwenye ufungaji wa mara tatu, kibaki. Tofauti ikiwa nyuzi mbili au chini, vipoza hivyo ni sawa kwenye kompyuta yako, kwa kuwa ufungaji wenyewe unaweza kutoa kiasi hicho; basi kirudishe kipya. Kati ya mbili na tano, kabla hujaamua, hamisha feni moja ya kipya uiweke kwenye kipoza cha zamani kama vibanio vyake vinairuhusu, kisha upime tena. Mara nyingi sana kinachobainika ni kwamba mapezi ya zamani hayakuwa na tatizo, na kilichohitajika ni feni nzuri tu.